Intani wapya mnaokuja Dodoma, PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi, daktari anaijaza) isomeni vizuri kabla ya kusaini

Wadogo zangu mnaoripoti intanship huku Dodoma karibuni sana. Wengi tunatoka chuo tukijua haki za binadamu ni kazi ya mawakili na watu wa NGO, hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka naiti moja akaja mama kapigwa na mumewe, PF3 iko mkononi, mimi nimechoka nikaandika "majeraha madogo, katibiwa" nikasaini nikaita anayefuata. Miezi ikapita naitwa mahakamani. Wakili wa mshtakiwa ananiuliza majeraha mangapi, mkono upi, yana urefu gani, kitu butu au chenye makali, sina jibu hata moja na yule mama kakaa pale ananiangalia. Mpaka leo nikishika ile fomu namuona.

Kwahiyo pima kwa sentimita, taja sehemu na rangi, chora, maneno ya mgonjwa yaandike kama alivyoyasema. Protokali ya Istanbul ya 1999, mwongozo wa UN wa kuchunguza na kuandika majeraha, ilitungwa kwa ajili ya watu walioteswa lakini isome tu, itakufundisha kuandika hata kipigo cha nyumbani. Usiandike "amebakwa", hilo ataamua hakimu, wewe andika ulichokikuta. Na mshtakiwa ana haki ya kuomba daktari aitwe ahojiwe, so jua utaitwa. Mgonjwa akija anavuja damu hana PF3 tibu kwanza, fomu itafuata.

Halafu kuna lawalawa, hii ya huku Dodoma na Singida lazima uijue. Mtoto wa kike akiwashwa au akiwa na maambukizi huku chini wanasema ana lawalawa, na wapo wanaoamini dawa yake ni kumkeketa. SOSPA, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inakataza kukeketa binti chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta Dodoma asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na siku hizi wanafanyiwa wakiwa wachanga kabisa, kwa siri, ndo maana wewe wa kliniki ya watoto unaweza kuwa wa kwanza kuona. Bibi akimleta usimfokee, mpe shikamoo yake, kaa naye umweleze kwamba haya ni maambukizi, yanapona kwa dawa na usafi, mjukuu atapona bila wembe. Ukikuta ameshakatwa usikae kimya na usiende peke yako, mwambie senior, waite ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi.

Namba ya afisa ustawi wa hospitali yenu isevu kabla ya zamu ya kwanza, saa nane usiku hutapata wa kumuuliza.