Kiini cha nini? Ushauri kwa mzazi anayesaidia masomo ya sayansi

Ukikaa na mtoto jioni kumsaidia masomo ya sayansi, kuna neno moja nakuomba usiliache lipite hivi hivi: kiini. Atalikuta kwenye baiolojia, kemia, fizikia na jiografia, pengine ndani ya wiki moja, na kila somo litalitaja kana kwamba linajulikana. Na kweli linajulikana. Nyumbani tunasema kiini cha yai, kiini cha tatizo, kiini cha habari. Ndiyo sababu mtoto haulizi. Anaingia darasani na maana yake ya nyumbani, kwamba ni kile kilicho katikati na kina umuhimu kuliko vyote, halafu picha aliyoipata kwenye somo moja anaihamishia kwenye lingine.

Nimefundisha sayansi sekondari kwa miaka mingi, na anayenipa kazi kubwa zaidi ni mwanafunzi anayekijua kiini kimoja vizuri mno. Atakwambia kiini cha atomu kina utando. Atachora seli, kisha aizungushie elektroni, ambazo ni chembe za atomu. Huyo hana upungufu wa akili, amelifuata neno lilikompeleka. Mzoeshe kuuliza kila linapotokea: kiini cha nini, na pale kinafanya kazi gani? Jibu la "kiko katikati" lisikubalike.

Anzeni na yai, maana lipo jikoni na ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Livunje taratibu kwenye sahani nyeupe, kiini kisipasuke, kisha msogee karibu na mwanga. Juu ya ile njano mtaona kidoa cheupe, upana wake milimita 2 au 3 hivi. Kama hakionekani, kiini kimelala upande wa pili. Kigeuzeni kwa kijiko. Basi kiini kwa maana ya baiolojia kimo ndani ya kidoa hicho. Njano yote iliyobaki, ambayo sisi tunaiita kiini tangu enzi za bibi zetu, ni akiba ya chakula. Mkipata yai la kienyeji la kuku anayetembea na jogoo, liwekeni kando ya yai la kuku wa kisasa asiyemjua jogoo. Kidoa cha yai lililorutubishwa huwa kipana kidogo na kina umbo la pete, kwa sababu hadi kuku analitaga, seli moja imeshagawanyika kuwa maelfu, kila moja na kiini chake. Hapo ndipo kinapoanzia kiinitete ambacho baada ya siku 21 za kulaliwa kitatoka kifaranga. Maana tatu za neno moja ziko kwenye sahani moja, na mtoto aliyeziona kwa macho yake sijamwona akizichanganya tena.

Kutoka hapo nendeni kwenye seli. Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, ndiye aliyekipa kiini cha seli jina lake mwaka 1831, alipokuwa akichunguza okidi, aina ya mimea ya maua, kwa hadubini. Alichokiona kilikuwa duara tu. Kazi ya duara hilo ilikuja kueleweka baadaye: ndani yake mna DNA, yaani maelekezo ya kuijenga na kuiendesha seli, na limezungukwa na utando wenye matundu ya kupitisha vitu. Hapa umuhimu wa kiini unatokana na maelekezo kinayoyabeba, uzito wake hauna neno. Tena seli nyingine hazina kiini kabisa. Bakteria hawana. Seli nyekundu za damu yetu hukiondoa kiini chao zinapokomaa, zikapata nafasi zaidi ya kubeba oksijeni, na bado hufanya kazi siku 120 hivi. Mtoto aliyebeba maana ya nyumbani hawezi kulimeza hilo: iweje kitu kiishi bila kiini chake? Mpe muda alisumbukie kidogo.

Sasa atomu. Huko Manchester, Uingereza, mwaka 1911, mwanafizikia Ernest Rutherford aliyatafakari majaribio ya wasaidizi wake, Geiger na Marsden, waliokuwa wakirusha chembe kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, ila chache zilirudi nyuma, na Rutherford akahitimisha kwamba katikati ya atomu pana kitu kidogo sana chenye karibu uzito wake wote. Ukiikuza atomu ya dhahabu ienee uwanja mzima wa mpira, kiini chake kitakuwa kama punje ya mtama katikati ya uwanja, na punje hiyo ina zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wa atomu nzima. Hakina utando na hakina maelekezo. Kuna chembe ziitwazo protoni na nyutroni zilizoshikamana kwa nguvu kubwa, basi. Mwambie mtoto achore kiini cha seli na kiini cha atomu kwenye ukurasa mmoja wa daftari, aandike chini ya kila kimoja kina nini na hakina nini. Sehemu ya "hakina" ndiyo inayofundisha zaidi.

Kiini cha dunia hakisumbui sana. Nusu kipenyo chake ni kilomita 3,480 hivi, kimejaa chuma na nikeli, sehemu ya nje imeyeyuka na ya ndani ni ngumu. Hiyo ya ndani iligunduliwa na Inge Lehmann wa Denmark mwaka 1936 kwa kusoma mawimbi ya matetemeko ya ardhi. Hali ya hewa nayo ina viini vyake, yaani chembe za vumbi, moshi na chumvi ya bahari ambazo mvuke huzishika ukawa matone ya wingu. Mtoto wa pwani aliyeonja chumvi midomoni siku ya upepo mkali hilo utamweleza mara moja tu.

Ninapotaka mzazi atulie hasa ni kwenye neno nyuklia, kwa sababu hapo suala linavuka daftari na kufika hospitalini. Nyuklia maana yake ni ya kiini, kiini cha atomu. Lakini kwa kuwa tumelichukua kama lilivyo, na tumelisikia zaidi kwenye habari za mabomu, watu hawaoni uhusiano. Shangazi yangu alipoandikiwa kipimo cha MRI cha mgongo, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, binamu yangu alishasoma kwenye simu kwamba mashine ile inachezea viini vya atomu, na nyumba nzima ikaingia hofu. Nikamwambia, "Shangazi, viini vinavyosemwa ni vyako mwenyewe, vya haidrojeni iliyo kwenye maji na mafuta ya mwili wako. Sumaku inavipanga, mawimbi ya redio yanavisukuma kidogo, vikirudi mahali pake vinatoa ishara na mashine inachora picha. Hakuna kinachopasuka, na mionzi kama ya eksirei haipo." Akauliza, "Kwa hiyo nivue bangili tu?" Avue bangili, hereni na pini za nywele, ndiyo, na yeyote mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au kipande cha chuma mwilini amwambie mhudumu kabla ya kuingia, maana sumaku ile ni kali kweli. Jina la zamani la mbinu hiyo lilikuwa na neno nyuklia ndani yake. Hospitalini likaachwa, kwa sehemu kubwa kwa sababu liliwatisha wagonjwa.

Ila msitoke hapo mkadhani kila nyuklia ya hospitali ni sumaku. Kuna idara ya tiba ya nyuklia, na huko mionzi ipo kwelikweli, kwa kipimo kinachohesabiwa na wataalamu. Mgonjwa wa tezi ya shingo anaweza kupewa iodini-131. Ni iodini, ile tunayoiita madini joto kwenye chumvi, lakini ya aina ambayo viini vyake si imara. Kila baada ya siku 8 hivi nusu yake inakuwa imevunjika, na vikivunjika vinatoa mionzi. Mgonjwa huyo hupewa maelekezo ya kukaa mbali na watoto wadogo na wajawazito kwa muda fulani na kulala peke yake. Yafuateni kama yalivyoandikwa. Na jirani akiwaambia kwamba shangazi wa fulani alipimwa MRI na jioni ile ile akampakata mjukuu, mwelezeni kwa upole kwamba viini vya shangazi vilibaki vile vile, lakini vya iodini ile vinaendelea kuvunjika ndani ya mgonjwa hata akiwa amekaa sebuleni.