Walinikataa Mara ya Kwanza: Kuomba Nafasi ya Kusomea Utabibu wa Michezo Marekani

Insha yangu ya kwanza ya maombi ilianza hivi: "Tangu utotoni nimependa sana michezo." Niliisoma mara tatu, nikaridhika nayo kabisa. Wiki saba baadaye jibu likaja, aya mbili zilizojaa adabu, kwamba mwaka huo hawana nafasi ya kunipa. Mwaka uliofuata niliomba tena, na vyuo viwili kati ya vinne vikanichukua. Alama zangu hazikuwa zimepanda kwa kiasi cha kutaja. Kilichobadilika ndicho ninachotaka kukueleza hapa, maana napokea ujumbe mwingi wa watu wanaouliza yale yale niliyokuwa siyajui.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Nikiwaambia ndugu ninachosomea, nusu yao hudhani ni yule mchua misuli anayekimbilia uwanjani na mkoba begani, na nusu nyingine hudhani ni mtu wa jimu anayehesabia watu pushapu. Marekani utabibu wa michezo, athletic training kwa Kiingereza, ni fani ya afya. Chama chao, National Athletic Trainers' Association, kipo tangu 1950, na American Medical Association, chama cha madaktari wa nchi hiyo, iliitambua fani hii mwaka 1990. Mtabibu wa michezo hupima jeraha palepale uwanjani, huamua nani arudi mchezoni na nani apelekwe hospitali, kisha humsimamia majeruhi wiki baada ya wiki mpaka apone. Tarehe 2 Januari 2023, mchezaji Damar Hamlin wa Buffalo Bills, timu ya mpira wa Kimarekani, alipoanguka uwanjani mjini Cincinnati na moyo wake ukasimama, aliyeanza kumkandamiza kifua alikuwa mmoja wa watabibu wa timu hiyo, Denny Kellington. Kama kinachokuvuta ni kuwa karibu na wachezaji, jiulize kama ungependa kuwa Kellington katika dakika ile. Nami nilipaswa kujiuliza hivyo mapema zaidi.

Sasa mtego wa kwanza, ambao umejificha kwenye jina la shahada. Zamani ilitosha kuwa na shahada ya kwanza. Mwaka 2015 viongozi wa fani waliamua kwamba mlango wa kuingilia uwe shahada ya uzamili, na programu za shahada ya kwanza zenye ithibati zikazuiwa kupokea wanafunzi wapya baada ya muhula wa vuli wa 2022. Lakini vyuo bado vina shahada za kwanza zenye majina matamu: sayansi ya mazoezi, kinesiolojia, hata tiba ya michezo. Ni ngazi nzuri ya kupandia, ila zenyewe hazikufikishi kwenye mtihani wa bodi. Rafiki yangu mmoja aligundua hilo akiwa mwaka wa tatu, tena kwa bahati, akisikiliza mazungumzo ya watu wengine kwenye foleni ya maktaba. Vipo vyuo vyenye mpango wa miaka mitano, mitatu ya shahada ya kwanza na miwili ya uzamili. Ukiwa bado sekondari, anza kuulizia huko.

Mtihani ninaousema ni wa Board of Certification, BOC kwa kifupi, bodi inayothibitisha watabibu wa michezo: maswali 175, saa nne. Kuukalia lazima uwe umesoma kwenye programu yenye ithibati ya CAATE, chombo kinachosimamia programu hizi. Kwa hiyo kabla hujatazama picha za uwanja na vyumba vya mazoezi, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya CAATE na uone hali yake: kina ithibati kamili, kimewekwa chini ya uangalizi, au ndiyo kwanza kinaomba? Kisha ingia tovuti ya programu utafute asilimia ya wanafunzi wanaofaulu BOC mara ya kwanza. Wanalazimika kuitangaza, na wastani wa miaka mitatu unatakiwa usishuke chini ya asilimia 70. Soma pia idadi ya watahiniwa. Asilimia 100 ya watu wanne si sawa na asilimia 88 ya watu thelathini. Mimi chuo kinachonificha namba hizo kurasa sita ndani nakitilia shaka, labda naonea, lakini ndivyo nilivyo.

Kuhusu ada sitasema mengi. Miaka miwili ya uzamili ni mkopo mkubwa, na mishahara ya kuanzia katika fani hii haijulikani kwa ukarimu. Chuo cha umma cha jimbo unaloishi mara nyingi kitakuokoa.

Masomo ya kuingilia ndiyo yaliyoniumiza. Viwango vya CAATE vinataka kila programu idai biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia, yote ya ngazi ya chuo. Programu nyingi huongeza yake: takwimu, lishe, biomekanika. Wengi wetu tunaotoka sayansi ya mazoezi tunakuwa na matano bila kujitahidi, halafu fizikia inabaki imekaa pale kama deni. Mimi niliipanga muhula wa mwisho kabisa. Anatomia nilikuwa nimeisoma mtandaoni, kozi isiyo na maabara, kwa sababu ilikuwa rahisi kupangia ratiba. Baada ya kukataliwa nilimpigia simu mratibu wa udahili, jambo ambalo nakushauri ulifanye hata kama sauti inakutetemeka. Alikuwa mama mpole. Akafungua faili langu, akasema: "Anatomia yako haina maabara, sisi hatuipokei. Fizikia hujaimaliza. Na insha yako, mwanangu, imeniambia unapenda michezo. Kila aliyeomba anapenda michezo."

Nikamuuliza, vipi kuhusu saa zangu za kushuhudia kazi, zile ambazo mwombaji hukaa na mtabibu akiwa kazini? Walitaka 50, mimi nilipeleka 82. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza niliona nini katika saa hizo 82.

Hapo ndipo niliposhikwa.

Saa hizo nilizipatia chuo kimoja, kwenye mazoezi ya mpira wa Kimarekani, na karibu zote nilikaa juu ya jaba la maji nikitazama mchezo. Kila asubuhi ya Agosti mtabibu alikuwa akiburuta hodhi kubwa la plastiki, lile la kunyweshea ng'ombe, akaliweka kivulini pembeni ya uwanja, akalijaza maji, na kando yake akapanga magunia ya barafu. Kila jioni anayamwaga maji. Hakuna aliyewahi kuingia. Wiki tatu niliona jambo hilo na sikuuliza hata siku moja ni la nini. Fomu yangu ilisainiwa, saa 82, na kichwani sina kitu.

Mwaka wa pili nilitafuta mtabibu wa sekondari, mwanamke wa makamo anayehudumia zaidi ya timu kumi peke yake. Nilimwandikia barua pepe fupi: mimi ni nani, ninaomba wapi, siku gani niko huru, na kwamba ninajua siruhusiwi kumgusa mgonjwa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya anijibu, aliniambia baadaye. Nikanunua daftari dogo la mfukoni. Kila siku niliandika kitu kimoja nilichoona na swali moja la kumuuliza wakati tunafunga vifaa, kamwe si wakati ana mtu mezani.

Swali la kwanza lilikuwa hodhi. Akaniambia habari za Korey Stringer, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Minnesota Vikings aliyefariki mwaka 2001 kwa kiharusi cha joto alichopigwa nacho mazoezini, na kwamba chuo kikuu cha Connecticut kina taasisi yenye jina lake inayoshughulikia vifo vya namna hiyo. Mtu akipigwa na joto kiasi hicho, anatumbukizwa kwenye maji ya barafu palepale, joto la mwili lishuke ndani ya nusu saa, ndipo apandishwe gari la wagonjwa. Kupozwa kwanza, safari baadaye. Ukimsafirisha akiwa bado anaungua, ubongo na figo vinaendelea kuiva njiani. "Nalijaza kila siku ili nilimwage kila siku," akasema. Na kipimajoto cha kinywani au cha kwapani hakifai hapo, kinadanganya. Kinachoaminika ni cha njia ya haja kubwa. Niliandika hilo pia, nikiona haya kidogo.

Siku nyingine, mechi ya mpira wa kikapu, kijana wa miaka kumi na sita alitua juu ya mguu wa mwenzake. Kifundo kikapinda, akalia. Baba yake alishuka jukwaani akidai eksirei hapo hapo. Mtabibu hakubishana naye. Alipiga goti, akaanza na mguu ambao haukuumia, akaushika na kuuzungusha polepole ili ajue wa kijana huyu ukiwa salama ukoje. Kisha akaugeukia ule mwingine, akabonyeza kwa kidole gumba kuanzia mbali, juu ya muundi, akishuka: ukingo wa nyuma wa ile nundu ya nje ya kifundo, sentimita sita za mwisho; halafu nundu ya ndani; halafu mfupa ulioko ubavuni mwa mguu nyuma ya kidole cha mwisho; halafu mfupa mdogo wa juu ya upinde wa unyayo. Kila mara alitazama uso wa kijana, si mguu. Mwisho akamwinua: "Nipe hatua nne." Akazitoa, akichechemea. Ndipo akamgeukia baba na kumweleza kwa nini eksirei haikuhitajika usiku ule, na dalili gani zikitokea waende bila kusubiri kesho.

Kwenye gari nilimuuliza kuhusu zile sehemu nne. Akanipa jina: kanuni za Ottawa, zilizotungwa na madaktari wa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kupunguza eksirei zisizo na sababu. Insha yangu ya pili ilianza na zile hatua nne. Neno "napenda" halimo.

Ushauri wangu wa insha basi ni huo. Chagua dakika tano ulizoshuhudia, uzieleze kwa karibu kiasi kwamba msomaji ambaye ni mtabibu aone ulijua cha kutazama. Kama wewe mwenyewe uliumia goti ukatibiwa, sawa, lakini ujue kwamba nusu ya waombaji wana hadithi ya goti. Ukiitumia, mwandike zaidi aliyekuhudumia kuliko unavyojiandika wewe.

Barua za mapendekezo: moja itoke kwa mtabibu uliyemfuata, moja kwa mwalimu wa sayansi aliyekupa maabara. Kocha anayekusifu kwa moyo wa kujituma hasaidii sana. Waombe miezi miwili kabla, uwape insha yako na tarehe ya mwisho.

Programu nyingi hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja uitwao ATCAS. Utaingiza kila kozi uliyowahi kusoma, moja moja, kama ilivyoandikwa kwenye nakala ya matokeo, hata ile uliyoiacha katikati. Ni kazi ya jioni mbili, na ukikosea faili linarudishwa. Baada ya kutuma, wao nao huchukua muda kuhakiki, hivyo usingoje wiki ya mwisho. Waliosoma nje ya Marekani wanahitaji matokeo yao yatathminiwe na taasisi inayotambuliwa, na hilo nalo lina foleni yake. Vyuo vingi hupokea na kujibu kadiri maombi yanavyoingia, viti vikijaa vimejaa. Aliyeomba Oktoba na aliyeomba Machi hawashindanii kitu kile kile. Tena programu nyingi huanza kiangazi, si vuli.

Usaili wangu ulikuwa wa dakika ishirini na tano, watu watatu. Waliuliza ningefanya nini kocha akinishinikiza nimrudishe mchezaji mwenye mtikisiko wa ubongo. Waliuliza nilipata alama mbaya ya kemia kwa nini, nikawaambia ukweli: nilifanya kazi usiku na sikuomba msaada. Kisha mmoja akauliza ni jambo gani niliwahi kuliona kazini nisilielewe. Nikawasimulia hodhi la ng'ombe, wiki zile tatu bila kuuliza, na nilivyokuja kujua mwaka mzima baadaye. Yule mzee wa katikati alicheka, akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Ukishapokelewa, siku zinazofuata ni za makaratasi: amana ya kushikilia nafasi, chanjo, kipimo cha kifua kikuu, uchunguzi wa rekodi za polisi, cheti cha kuokoa maisha cha ngazi ya wahudumu wa afya. Kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyenitajia ni gari. Mafunzo ya vitendo hufanyika mnakopangiwa, shule hii leo, kliniki ile muhula ujao, na angalau wiki nne mfululizo ni za kutwa nzima. Kituo changu cha kwanza kilikuwa mwendo wa dakika arobaini, mazoezi yanaanza saa kumi na mbili asubuhi, basi la kwanza linapita saa moja kasoro. Nilimlipia mafuta mwanafunzi mwenzangu muhula mzima, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo, tulikuwa tunafika robo saa kabla ya watu wote. Kujaza hodhi huchukua muda.