"Yamekuelea haya unayosoma?" Kwani maneno nayo yanaelea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naongoza kikundi cha vijana cha kusoma Biblia, juzi tulikuwa Matendo 8, Filipo anamkuta yule towashi wa Kushi garini. Biblia ya Union imeandika "Yamekuelea haya unayosoma?" vijana wakacheka, eti maneno yanaelea kama mtumbwi! Mwingine akauliza "chuo cha nabii Isaya" kilikuwa mji gani. Ni makosa ya uchapaji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio makosa, tena hapo umeshika Kiswahili kitamu sana ambacho mimi kinaniuma kukiona kinapotea.

Jambo likikuelea maana yake limekuwa wazi kwako. Angalia mtenda ni nani hapo, sio wewe, ni jambo lenyewe: limenielea, halijanielea. Ukiligeuza kwenye kutendwa ndo unapata "nimeelewa", hii tunayoisema kutwa nzima bila kujua imezaliwa na nani. Na ukitia z unapata "eleza", yaani kufanya jambo limwelee mtu. Elea, elewa, eleza, ni tumbo moja. Mimi nikilisikia naona kitu kilichokuwa chini ya maji kimepanda juu sasa kinaonekana, vijana wako na mtumbwi wao hawakuwa mbali.

Chuo zamani ni kitabu, ndo maana mwanachuoni ni mtu wa vitabu hata kama hajaajiriwa popote. Yule towashi, mtunza hazina wa Kandake (hicho ni cheo cha malkia wa Kushi, kule Meroe, Sudan ya leo, sio jina lake), alikuwa anarudi kwao kutoka Yerusalemu ana kitabu cha Isaya anasoma kwa sauti kama ilivyokuwa kawaida enzi zile, na Filipo aliyeambiwa na Roho asogelee gari akakimbia akamsikia. Kwa Kigiriki swali lake lina mchezo wa sauti, ginoskeis kujua na anaginoskeis kusoma. Watafsiri wetu hawakuweza kuubeba huo mchezo ila "yamekuelea" yao nayo ina ladha yake.

Sasa jibu la towashi ndo linalonigusa zaidi: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoa?" Usilisome haraka ukasema "asiponiongoza", wengi wanateleza hapo. Kuongoa ni kumtia mtu kwenye njia iliyonyooka, na humo ndo mmetoka kuongoka, mwongofu na uongofu, maneno ambayo Mkristo na Mwislamu wa pwani wote wanayo midomoni. Kigiriki chake nacho kimejengwa juu ya hodos, njia, na kitenzi hichohicho kiko Yohana 16:13 pale Roho "atawaongoza". Yaani mtu yuko barabara ya Gaza, njia ya kwao anaijua vizuri, anaomba wa kumwonyesha njia ndani ya Isaya 53! Filipo akapanda, akaketi naye, akaanzia andiko lilelile alilokuwa analisoma.

Wiki ijayo kwenye kikundi ukitaka kulitumia usimwambie kijana "umeelea somo?" maana hapo kweli unamtupa majini. Sema "somo limekuelea?", na kwa maneno "yamekuelea?", kiambishi kinafuata kile kinachoeleweka, sio anayeelewa.