Shangazi, nibishe hodi au nirudi zangu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Melbourne kikazi, na mwenzangu mmoja wa ofisini kanielekeza kabaa kadogo kako ndani ya uchochoro, akasema nisiondoke huku bila kufika. Juzi usiku nikaenda peke yangu, nakuta mapipa ya taka, mlango mweusi hauna hata kibao, nikasimama pale kama dakika kumi moyo unadunda, nikageuza. Mimi sio mnywaji sana na naogopa nitaonekana mshamba. Niachane nako?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiachane nako, rudi. Ule mlango haukufukuzi. Katikati ya mji ule palipimwa 1837, mitaa mipana imenyooka, halafu nyuma ya majengo vikakatwa vichochoro vya kupitisha mizigo na hata mikokoteni ya kinyesi, sasa nani angetaka kufungua biashara huko? Sheria ya pombe ya jimbo la Victoria nayo ilibana mpaka ilipolegezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ndo watu wenye mtaji mdogo wakaona vyumba vya uchochoroni vinawafaa. Baa ya Meyers Place iliyofunguliwa 1994 hutajwa sana kwenye habari hizo.

Nenda katikati ya wiki, mapema jioni, kabla giza halijashika, na huyo huyo mwenzako akusindikize. Wawili mnapata kiti, mkienda sita mnageuka mzigo kwa watu. Mkiambiwa pamejaa msikasirike, leseni inaweka idadi ya watu, zungukeni kidogo mrudi.

Ukiingia kaa kaunta mwanangu, usikimbilie kona. Mie hapa ndo nasisitiza kwa sababu raha yote ya baa ndogo iko kaunta, anayechanganya vinywaji yuko mbele yako, unamuona anavyokamua ndimu, anavyotikisa barafu, na ukimwambia wazi kabisa kwamba hunywi sana, unapenda kitu kichachu kisicho kikali au kisicho na pombe kabisa, atafurahi maana umemrahisishia kazi, mshamba hapo ni nani? Anayempa shida ni yule anayejifanya anajua akaagiza asichokiweza. Glasi kuwa ndogo isikudanganye, kule kipimo kimoja cha kinywaji ni gramu 10 za pombe na kokteli moja inaweza kubeba viwili, kwa hiyo omba na maji, baa yenye leseni lazima ikupe bure. Bakshishi sio lazima. Kitambulisho beba, wanaweza kukuuliza umri hata kama una miaka yako.

Kurudi usiku usitembee peke yako. Tramu za katikati ya mji ni bure, na Ijumaa na Jumamosi baadhi ya njia zinatembea usiku kucha, jua kituo chako kabla hujaingia. Na yale mapipa yasikutishe, pita hapo mchana uyaangalie, utayakuta palepale.