Taa zote kuwaka hakuthibitishi kwamba nyaya ziko salama

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kukagua umeme kwenye nyumba unayotaka kununua, maana imepakwa rangi upya, taa zote zinawaka na soketi zote zina moto. Mimi ni fundi umeme, na siku hizi kazi yangu kubwa ni hiyo hiyo ya kukagua nyumba zinazouzwa. Ikague. Taa ikiwaka ujue tu kwamba umeme umefika. Umepita wapi kufika pale, hilo taa haikuambii.

Mimi huanzia kwenye boksi la breka, zile swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi, nalinganisha kila breka na unene wa waya wake. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 unalindwa vizuri na breka ya ampia 10. Sasa kuna watu breka ikikatika mara kwa mara wanaing'oa na kuweka ya 32. Usumbufu unaisha kweli, ila kuanzia hapo waya unachemka ndani ya ukuta na breka imetulia tu. Kwenye skrubu utakuta ganda la waya limekuwa la kahawia, ukiligusa linapukutika. Boksi hilo usilifungue mwenyewe: hata meni swichi ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye mita bado zina moto.

Kinachonitisha zaidi ni ethi ya uongo. Ethi ni waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Soketi ina matundu matatu, lakini ukiifungua hakuna waya wa ethi uliofika pale. Mtu amechukua kipande cha waya akaunganisha nutro, yaani waya wa kurudisha umeme, na sehemu ya ethi. Kile kipimo kidogo cha taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi kitakuonyesha kila kitu kiko sawa! Siku nutro ikikatika huko nyuma, bodi la nje la friji au mashine ya kufulia linakuwa na moto, na anayeligusa ndiye anakuwa njia ya umeme. Kwa hiyo omba soketi kadhaa zifunguliwe, hasa za jikoni na zile zenye vifuniko vipya kwenye nyumba ya zamani.

Wewe mwenyewe unaweza kupitisha mkono juu ya soketi zilizotumika muda mrefu. Yenye joto, alama ya kuungua, harufu ya plastiki au mlio wa kuchirizika huenda ina waya uliolegea. Chungulia na darini. Viungo vilivyofungwa tepu tupu bila boksi havifai.

Kitufe cha kujaribu cha breka inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, kibonyezwe mbele yako. Kisipokata, kifaa kibadilishwe. Kikikata, bado hujajua lolote kuhusu ethi, hiyo inapimwa peke yake. Mwambie fundi akuandikie namba alizopata, pamoja na ukinzani wa maganda ya nyaya, yaani yanavyozuia umeme usivuje, kwa kila laini. Kwa kipimo cha volti 500, laini iliyo chini ya megaomu 1 haikubaliki, hata kama taa zake zinawaka vizuri.