Wadogo zangu wa nanoalmasi, tyubu isiyo na almasi iko wapi?

Hapa maabara tunapakia doxo (doksorubisini, dawa ya saratani) juu ya nanoalmasi, yaani chembe ndogo sana za almasi za kubebea dawa. Juzi kijana wetu mpya kaja mbio na tyubu mkononi, "kaka, doxo imeingia yote kwenye almasi, maji ya juu hayana rangi kabisa!" Nikamuuliza kontroli yako, ile tyubu ya kulinganishia, iko wapi, akaniangalia tu. Huyu ni wa tatu mwaka huu, na nawapenda jamani, ila nimechoka, kwa hiyo naandika msome kabla hamjagusa pipeti.

1. Kila ukipakia dawa, weka tyubu yenye doxo na NaOH (ile besi yetu) bila almasi. Mimi sikuweka, miezi minne. Nilikuwa nachanganya almasi na doxo, naongeza NaOH kidogo ili dawa ishike, nazungusha kwenye sentrifuji, napima rangi ya maji ya juu kwa mwanga wa nanomita 480, yakitoka bila rangi nahesabu kwamba dawa yote imekaa juu ya almasi. Nikaweka kwenye seli, zikafa, nikafurahi mpaka nikampigia mama simu. Sikufikiria kwamba doxo hata ikiwa peke yake inaua seli, kwa hiyo kufa kwao hakukuwa kumenithibitishia chochote. Nikaandika muhtasari wa kongamano, ukakubaliwa. Kwenye mkutano wa Jumatatu dada mmoja mkubwa wa maabara akaniuliza kwa upole tu, "na bila almasi inakuwaje?" Jioni ile nikafanya. Nikaitoa tyubu kwenye sentrifuji, chini kuna mashapo ya zambarau iliyokolea, na ukutani mwa plastiki pete ya rangi hiyo hiyo, na ndani hakuna hata chembe moja ya almasi. Ilikuwa dawa yenyewe. Kwenye besi doxo inapoteza chaji, haiyeyuki vizuri, inashikana na kuzama, tena inatoka kwenye wekundu inaenda zambarau, kwa hiyo hata ile 480 yangu na stendadi (vipimo vya kulinganishia) niliyotengeneza kwenye maji ya kawaida vilikuwa vinanidanganya. Nilikaa sakafuni pale karibu na friji. Kesho yake nikawaandikia waandaaji kwamba naondoa kazi yangu, na ile barua ya mistari mitano ilinichukua asubuhi nzima.

Mjue kwa nini inaniuma hivi. Doxo inaumiza moyo, mgonjwa ana kiwango cha maisha yake yote ambacho daktari hathubutu kukivuka, na uvimbe sugu una pampu zinazoitema nje ya seli. Timu ya mtafiti Dean Ho kule Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 2011 ilionyesha kwa panya wenye uvimbe wa ini na wa titi kwamba dawa ikibebwa na almasi inakaa zaidi ndani ya uvimbe, na dozi ambayo ikiwa peke yake iliua panya, wakaistahimili. Yote hayo yanasimama kwenye jambo moja, dawa iwe kweli juu ya almasi. Ukikosea hapo, anayepokea kazi yako anampa panya dawa tupu akidhani imefungwa.

2. PBS, yale maji ya chumvi ya maabara. Chembe moja ya almasi ya mlipuko ni kama nanomita 5, kwenye maji safi zinaelea vizuri, ukitia chumvi zinashikana, dakika chache tu unaona ukungu. Pima ukubwa wa chembe ndani ya midia (maji ya kulishia seli) yenye seramu, ndiko seli zako zinakoishi, usiniletee namba za maji safi.

3. Soniketa, yaani zitawanye almasi kwa mawimbi ya sauti, kabla ya kila kipimo, hata kama ulifanya jana.

4. Foili! Doxo haipendi mwanga.

5. MTT, kile kipimo cha rangi cha kuona seli ngapi ziko hai: almasi zinatawanya mwanga, kwa hiyo acha vitundu kadhaa vyenye almasi bila seli. Na glavu zilizogusa doxo zinaenda kwenye pipa la sumu, niliikuta moja juu ya kibodi wiki iliyopita, na hiyo kibodi wote tunaitumia, akiwemo mwenzetu mjamzito.

Yule kijana leo jioni amerudi na tyubu mbili. Ile isiyo na almasi ina pete ya zambarau ukutani. Alisimama kimya muda mrefu akiigeuza kwenye taa, nikamwambia aiweke kwenye raki, twende tukale, kesho tunaanza na pH.