Kwa nini Ngaramtoni kuna ukungu na Moshi hakuna?

SWALI: Naishi Ngaramtoni, na kila alfajiri ya Juni na Julai nateremka Arusha mjini na Noah. Ukungu unakuwa mzito, nikiwasha taa full sioni kabisa, na kioo cha mbele kinashika mvuke. Ndugu yangu aliyeko Moshi mjini anasema kwao hakuna ukungu. Sababu ni nini, na niendesheje?

JIBU: Ukungu wenu ni wingu lililogusa ardhi. Miezi hiyo kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ikikuta mlima inapanda, na kadiri inavyopanda inapoa, mpaka mvuke unageuka matone. Ipo hesabu rahisi: chukua joto la hewa, toa joto la umande (nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi hapo mvuke huanza kugeuka matone), zidisha kwa mita 125. Hewa ya Moshi, kwenye mita 850 hivi, ikiwa na nyuzi 20 na umande wa nyuzi 15, wingu litaanza mita 625 juu zaidi, yaani karibu mita 1,475. Arusha mjini ni kama mita 1,400, na ninyi mko juu ya mji. Ndugu yako akiinua macho analiona wingu. Ninyi mko ndani yake.

Upo pia ukungu wa bondeni, unaozaliwa ardhi yenye maji inapopoa usiku wa nyota usio na upepo. Huo jua likipanda huisha. Wenu haulingoji jua, kwa hiyo kuahirisha safari kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 1 huenda kusikusaidie. Kushuka mita mia moja tu za kimo huenda kukatosha kuutoka.

Taa full zizime. Kila tone, la takriban sehemu moja ya mia ya milimita, linakurudishia mwanga machoni, unabaki na ukuta mweupe. Tumia taa za chini, na za ukungu kama zipo. Hazadi ni za gari lililosimama. Ukitembea nazo, wa nyuma haoni indiketa yako.

Mwendo upime hivi: kitu kikijitokeza mbele, tuseme nguzo, hesabu sekunde hadi ukifikie. Zisipofika nne, punguza. Kwenye lami iliyolowa, kilomita 80 kwa saa zinahitaji mita 80 hivi kusimama. Kilomita 50 zinahitaji kama 40. Kuovateki, tafadhali, sahau kabisa.

Kioo nacho, pitisha kidole kwa ndani. Kikiacha mstari, ni pumzi za abiria na nguo mbichi: washa AC, weka joto, elekeza hewa kiooni, ukichukua hewa ya nje. Mstari usipotokea, mvuke uko nje: waipa itaufuta, kisha ongeza joto, maana kioo kimepozwa mno na AC.